Kiswahili Katika Santuri za Jazi: Uhakiki wa Uhuru Afrika, Kawaida na Mwandishi

Miongoni mwa santuri za jazi za Wamarekani Weusi ambazo zimetolewa upya na ambazo wasikilizaji wa leo wanazirudia kwa furaha, zimo tatu ambazo mtaalamu wa Kiswahili hana budi kuzitazama kwa jicho la taaluma yake. Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mjini New York mnamo Novemba 1960. Ya pili ni Kawaida, iliyorekodiwa Desemba 1969 chini ya uongozi wa mpiga ngoma Albert Heath. Ya tatu ni Mwandishi ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 na kutolewa mwaka uliofuata. Zote tatu zimebeba Kiswahili mbele ya macho na masikio ya ulimwengu, ilhali hapana hata mmoja kati ya viongozi hao watatu aliyelelewa katika lugha hiyo.

Wasemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki aghalabu huyapokea maneno haya kwa njia mbili. Wako wanaojivunia tu kwamba lugha yao imefika mbali, wasiulize imefikaje wala imefanya kazi gani huko. Wako pia wanaotabasamu na kuhesabu makosa: neno hili halikutumiwa mahali pake, jina lile limepotoshwa irabu. Njia zote mbili hazitoshi kuwa uhakiki. Ya kwanza inaisifu lugha bila kuisikiliza, na ya pili inaisahihisha bila kuuliza neno lilitafutwa kwa haja gani. Kipimo kinachofaa zaidi ni kazi ambayo neno limepewa ndani ya tungo. Je, Kiswahili kinasema jambo, au kimewekwa kuwa pambo la jalada? Santuri hizi tatu, zikipimwa kwa kipimo hicho, hazilingani.

Kabla ya hukumu yafaa kukumbuka deni lililoko upande wa pili. Kiswahili nacho kililichukua neno jazz na kulitumia kwa namna yake. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz Band na Western Jazz Band zilikuwa bendi za dansi. Magitaa yake yalifuata rumba na midundo ya nyumbani, na muziki wake haukuwa jazi kwa maana ya New York au Chicago. Katika majina hayo neno lile lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa ya ala, yenye kuchezesha watu ukumbini. Ingekuwa kichekesho mtu wa New Orleans kufunga safari hadi Morogoro kuwaeleza wenyeji kwamba wamekosea jina la bendi yao. Neno lililoazimwa hutii mahitaji ya mwazimaji. Kanuni hii, ambayo kila mwanaisimu huikubali anapolieleza neno la kigeni ndani ya Kiswahili, haina budi kukubaliwa vilevile pale neno la Kiswahili linapokuwa ndilo lililosafiri.

Uhuru Afrika

Weston alizaliwa Brooklyn mwaka 1926, na alipoitunga kazi hii alikuwa bado hajakanyaga ardhi ya Afrika; safari yake ya kwanza, ya kwenda Nigeria, ilikuja mwaka 1961. Alitaka tungo ndefu ya kuadhimisha mataifa yaliyokuwa yakipata uhuru, ambayo kwa mwaka 1960 peke yake yalikuwa 17. Alitaka pia isikike ndani yake lugha ya Afrika yenyewe. Baadaye alieleza kwamba aliwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Maneno ya tungo yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, mpangilio wa ala ukafanywa na Melba Liston, na sauti ya Kiswahili ikawa ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloitenga santuri hii na nyingine. Hapa Kiswahili kimetamkwa na msemaji wake, kwa lafudhi yake, juu ya ngoma za Babatunde Olatunji wa Nigeria na za Wakuba Candido na Armando Peraza. Msikilizaji wa Mombasa au Tanga haombwi awie radhi kitu chochote. Tena saa yenyewe ilikuwa na uzito. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Basi sauti inayolitamka neno uhuru katika santuri hii ni sauti ya mtu ambaye nchi yake ilikuwa bado inatawaliwa siku alipolitamka. Neno lililotumika mara nyingi mno katika hotuba za baadaye, hata likachakaa, linasikika hapa likiwa bado dai. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ililielewa vyema dai hilo, kwa maana baadaye iliipiga santuri hii marufuku.

Sehemu ya kwanza ya tungo inaitwa Uhuru Kwanza. Muundo wake ni wa wito wa kisiasa: nomino na kielezi, bila kitenzi. Wito wa namna hii humwachia msikiaji kazi ya kuujaza. Kwa kuwa kwanza chimbuko lake ni kitenzi kuanza, neno hilo halitulii peke yake. Hudai halafu yake. Uhuru uje kwanza, kisha nini? Jibu limo katika mpango wa tungo yenyewe. Baada ya uhuru huja sehemu ya kumsifu mwanamke wa Kiafrika, inayoimbwa kwa Kiingereza na Martha Flowers na Brock Peters. Kisha huja sehemu iitwayo Bantu. Na ya mwisho ni Kucheza Blues. Uhuru, mwanamke, watu, ngoma: huo ndio mfuatano ambao kielezi kimoja cha Kiswahili kimeufungua. Hata kama mtunzi hakukusudia kila kiungo cha hoja hii, tungo inaibeba.

Jina la sehemu ya nne lastahili kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili ala hupigwa, haichezwi. Mtu hupiga gitaa, hupiga zeze, hupiga tarumbeta. Anayecheza ni yule aliyeko ukumbini, miguuni mwake mkiwa na mdundo. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mchezo wa mpira na kwa upigaji wa ala, na kwa sababu hiyo ingewezekana kudhani kwamba Kucheza Blues ni tafsiri iliyoteleza. Sivyo. Jina hilo lasomeka sawasawa na kucheza rumba au kucheza chakacha: ni mwito wa kunyanyuka. Na kwa kuwa linakuja mwisho, baada ya uhuru na baada ya watu kutajwa kwa jina lao, linatimiza mpango. Katika Uhuru Afrika, basi, Kiswahili kinafanya kazi ya aina mbili: kinasemwa na mwenyewe, na majina yake yanabeba mjengo wa tungo.

Kawaida

Miaka tisa baadaye hali ya Wamarekani Weusi ilikuwa nyingine. Mwaka 1966 Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake alilitoa katika matunda ya kwanza na kuliongezea herufi a. Misingi yake saba ilipewa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Falsafa iliyoishikilia misingi hiyo aliiita Kawaida. Mpigaji kijana James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath na mpwa wa Albert Heath kwa upande wa baba, alikuwa mfuasi wa Karenga, na ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya santuri iliyobeba jina hilo la falsafa. Wapigaji wengine nao walipata majina mapya. Albert Heath akawa Kuumba, Jimmy Heath akawa Tayari, Don Cherry akawa Msafiri, Hancock akawa Mwandishi.

Vipande vitano vya santuri hii vinaitwa Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia na Kamili. Mtaalamu wa lugha ataona mara moja jambo ambalo yamkini watungaji hawakuliona: maneno yote matano yana asili ya Kiarabu. Hili si kosa. Baraka na dunia ni maneno ya Kiswahili kama yalivyo mengine, na mjadala wa kuyaita mageni ni mjadala mkongwe usio na faida. Lakini lina maana katika uhakiki, kwa sababu santuri ilikusudia kurudi nyumbani kwa njia ya lugha. Mtu aliyekusudia kufika kwa jamaa zake amepitia mlango wa forodhani, naye hakujua kuwa nyumba ina mlango wa uani.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno kawaida lenyewe. Kwa Karenga neno hilo ni jina la falsafa ya mila na akili, jambo la kuamsha watu. Kwa msemaji wa Kiswahili kawaida ni lile lililozoeleka, lisilomshtua mtu. Asubuhi ya kawaida haina tukio. Chakula cha kawaida hakina sherehe. Mwenye kujua lugha husikia mvutano huu kila anapolisoma jalada, ila mvutano haukutumiwa. Haujajengewa chochote katika mpangilio wa majina ya vipande, ambayo yanasimama moja moja kama maneno yaliyochaguliwa kutoka kamusi kwa ajili ya sauti na heshima yake. Majina hayo hayahitajiani. Yakibadilishwa nafasi, msomaji wa jalada hapotezi kitu. Hapa ndipo Kiswahili kinapokaribia kuwa pambo, hata kama muziki wenyewe, pamoja na tarumbeta ya Cherry na piano ya Hancock, una uhai usiotiliwa shaka.

Majina ya watu yanaonyesha ugumu huohuo, na mara nyingine bahati. Mtume, kwa msikiaji wa pwani aliye Mwislamu, ni jina lenye mwenyewe, na kumwita mpiga ngoma hivyo kunashtua. Lakini mzizi wa neno ni kutumwa tu, na aliyelichukua aliuchukua mzizi huo. Kuumba ni kitenzi kilichofanywa jina la mtu. Kwa kanuni za unominishaji mtendaji wa kuumba ni muumba, na jina hilo lingekuwa kufuru. Kutokujua sarufi, au labda busara ya aliyeyagawa majina, kulimkinga Heath na balaa hilo.

Mwandishi

Santuri ya Hancock inastaajabisha kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya Kawaida. Vipande vyake vitatu vyote vina majina yasiyo ya Kiswahili. Cha kwanza, chenye mapigo 15 katika kila fungu, kilitungwa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa kifungoni wakati huo na ambaye aliachiliwa na mahakama mwaka 1972. Kiswahili kimo katika watu peke yao. Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga, mpiga tromboni Julian Priester ni Pepo Mtoto, na Bennie Maupin, mpigaji wa klarineti ya sauti nzito, ni Mwile. Leon Chancler, aliyealikwa kuongeza ngoma, ni Ndugu.

Orodha hii ni shamba la msahihishaji. Mtunga muziki kwa Kiswahili ni mtunzi, wala si mwandishi. Mpiga besi ni mpigaji, na mchezaji ni wa mpira au wa ukumbini. Hapa ndipo lile kosa ambalo Weston aliliepuka lilipotokea kweli. Mwile ni mwili uliopotoshwa irabu, tena ni nomino isiyo ya ngeli ya watu. Na Pepo Mtoto limepangwa kwa mfuatano wa Kiingereza, ambapo kipambanuzi hutangulia. Katika Kiswahili nomino ya kwanza ndiyo kichwa, kwa hiyo jina hilo halimtaji mtoto wa pepo bali pepo aliye mdogo.

Hata hivyo, orodha ikisomwa nzima, jambo jingine latokea. Katika pwani na bara ya Afrika Mashariki pepo na mganga hawakutani kwa bahati. Wanakutana ngomani. Mganga huwapunga pepo kwa ngoma maalumu, na neno ngoma hubeba kwa pamoja ala, uchezaji na mkutano wa tiba. Kundi hili la wapigaji, lililozoea kurefusha kipande kimoja na kusikilizana hadi mpango ujitokeze wenyewe, limejipa majina ambayo kwa msikiaji Mswahili yanaunda baraza la uganga: mganga, pepo, mwili wa kutibiwa, na ndugu aliyekuja kushuhudia. Henderson, aliyeitwa Mganga, alikuwa pia daktari aliyesomea udaktari wa hospitali. Kiswahili kingemwita daktari au tabibu. Neno mganga limemrudisha kwenye elimu ya zamani zaidi, na muziki unalikubali neno hilo kuliko ambavyo ungelikubali lile sahihi.

Majina mengine nayo yana utetezi. Kuandika si kutia wino tu: watu wa pwani huandika meza, yaani hupanga vyombo na chakula mahali pake. Kwa maana hiyo ya upangaji Hancock ni mwandishi kamili. Jabali halihitaji hata utetezi. Mwanamuziki Marijani Rajab wa Tanzania alipewa na mashabiki wake sifa ya Jabali la Muziki, nao hawakulitafuta jina hilo Marekani. Fikra moja, ya mtu aliye mwamba katika kazi yake, imezaa jina moja pande mbili za bahari. Ndugu nalo lilikuwa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, anwani ya heshima ya raia wa Tanzania. Chancler alilishika jina hilo hadi kufa kwake mwaka 2018, na kundi zima linaitwa hadi leo kwa neno la Kiswahili. Lakabu inayodumu kiasi hicho imekwisha kuwa jina.

Suala la asili

Lipo pingamizi ambalo hutolewa mara kwa mara na ambalo halipaswi kupuuzwa. Wahenga wa Wamarekani Weusi walichukuliwa hasa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Magharibi ya Kati, na si kutoka Lamu wala Bagamoyo. Kwa nini basi Kiswahili, wala si Kiyoruba au Kiwolofu? Jibu la kisiasa linajulikana: Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa si mali ya kabila moja. Jibu la kiisimu halitajwi sana, nalo lina nguvu. Sehemu kubwa ya watu waliochukuliwa kutoka Kongo na Angola walisema lugha za Kibantu. Katika Kikongo ngoma ni ngoma, na mganga ni nganga. Bantu ni watu. Maneno haya hayakuwa mageni katika vinywa vya waliovushwa Atlantiki. Weston alipoiita sehemu ya tatu ya tungo yake Bantu, na Henderson alipokubali kuitwa Mganga, waligusa undugu ulio wa kweli kwa ushahidi wa lugha, ingawa njia waliyoupitia ilikuwa ya kuazima. Baraka na Kamili hazigusi undugu huo. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuiweka Kawaida chini ya zile nyingine mbili kwa upande wa lugha.

Hitimisho

Kwa kipimo cha kazi ya neno, Uhuru Afrika ndiyo iliyokitendea Kiswahili haki kubwa zaidi, kwa kuwa ilimwita msemaji wake na kumpa nafasi ya kusema. Mwandishi inafuata: sarufi yake ni ya kukosolewa, lakini majina yake yanashikana na kuufafanua muziki. Kawaida ina nia safi na maneno mazuri yasiyofungamana.

Lililo muhimu kuliko daraja hizo ni wajibu wa idara za lugha. Mnamo Novemba 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Maazimio hayo yalikuja zaidi ya miaka 60 baada ya sauti ya Sanga kurekodiwa. Wasomi wanaodai kwamba lugha hii ni ya dunia hawawezi wakati huohuo kudai kwamba maana zake zote zimewekwa akiba pwani. Kwanzaa yenye a mbili, Mwandishi aliye mtunzi na Mchezaji aliye mpigaji ni matumizi yenye historia, tarehe na watu wake. Yanastahili kukusanywa na kuelezwa kama yanavyoelezwa maneno ya lahaja, kila moja likitajwa lilikotoka na lilikofika. Msahihishaji ataendelea kuwa na kazi yake, na kazi hiyo ni halali. Ila aifanye baada ya kuisikiliza santuri hadi mwisho, kwa maana kuna makosa ambayo muziki umeyapa maana, na yapo maneno sahihi ambayo muziki haukuyapa kazi yoyote.